Reiki Ni Rika la Kanisa la Shosho, Wacheni Kutuuzia Tibet

Wasee, hii itakuwa ndefu. Kama bando yako ni ya kuhesabu, iweke usome ukifika kwa waifai ya mtu.

Wiki hii nimeletewa klipu tatu za Wakenya, wote rika langu, wanauza kozi za reiki. Kama hujakutana na hii kitu, ni ile ya mtu kukuwekea mikono kichwani, mabegani, tumboni, polepole, muziki wa filimbi ukilia nyuma, ati anakupitishia nguvu za ulimwengu. Wa kwanza anasema ni sayansi ya kale ya Tibet, miaka elfu tatu. Wa pili anasema ni elfu tano. Wa tatu, ambaye taa zake ni poa kuliko zangu lazima nikubali, anasema Yesu alijifunza reiki huko India ile miaka Biblia haimtaji. Chini ya hizo klipu kuna watoto wa form three wanauliza bei.

Sasa nataka kusema kitu kimoja na nitakisema bila kuzunguka. Reiki haina miaka elfu tatu. Ilianza 1922. Tunajua jina la aliyeianzisha, mwaka aliozaliwa, kijiji alichotoka, na hata ugonjwa uliomuua. Kila anayekuambia ni ya kale anakuuzia umri, kwa sababu umri ndio unaopandisha bei. Na najua hivyo kwa sababu mimi nililipa.

Mnaonifuata toka zamani mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sijawahi kuambia watu kilichofuata. Nilirudi Ishiara, kwa shosho, na miezi minne sikuwa nalala. Joto lile la huku mnalijua, usiku ukuta wa mabati bado unachemka, na mimi niko macho nahesabu deni la HELB. Mchana namsaidia shosho kupepeta ndengu, watu wakipita wananiuliza masomo inaendaje, nasema tuko likizo. Likizo ya miezi minne. Hapo ndipo nilipoona tangazo la mwalimu mmoja wa mtandaoni, simtaji jina na msianze kubahatisha kwa komenti. Shilingi 6,500, ngazi ya kwanza, siku mbili kwa video. Niliuza redio yangu ya spika mbili na nikaongeza doo ya maembe.

Network ya nyumbani inashika mahali pamoja tu, chini ya mwembe karibu na boma la mbuzi. Huko ndiko nilikofunguliwa njia za nguvu. Ndio, kuna kitu wanaita kufunguliwa, mwalimu anachora alama hewani akiwa kwake, wewe unafumba macho ukiwa kwako. Video iliganda mara mbili katikati. Nilimuuliza kama nguvu imefika yote, akaniambia nguvu haitegemei intaneti. Cheti kilikuja kwa PDF, jina langu limeandikwa vibaya.

Na niseme ukweli: usiku huo nililala. Nililala kama mtoto. Nitarudi kwa hilo, usiharakishe.

Shida ilianza niliporudi ndani na kumwonyesha shosho cheti. Shosho wangu ni Mkurinu, kilemba cheupe kila siku, hata akienda shambani. Aliishika simu mbali na macho vile wazee hushika, akaniuliza kwa Kimbeere: huyo aliyeanza hii aliitwa nani? Nikasema ni ya kale, shosho, ni ya Tibet. Akasema, hapana, nimeuliza aliitwa nani. Kila kitu kilianzwa na mtu. Aliitwa nani, alikuwa mtoto wa nani, na aliambiwa na nani aanze?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na cheti cha 6,500 na sikuwa na jibu la swali ambalo mama wa miaka sabini na kitu anaweza kulijibu kuhusu kanisa lake bila kufungua kitabu. Ilinichoma, kwa hivyo nikaanza kusoma.

Jamaa anaitwa Mikao Usui. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1865 kijiji cha Taniai, mkoa wa Gifu, Japani. Hakuwa mtakatifu wa milimani. Jiwe la kumbukumbu ambalo wanafunzi wake walimsimamishia Februari 1927, na liko hadi leo kwenye hekalu la Saihoji mjini Tokyo, linasema alikuwa mtu mwenye akili, msomaji sana, aliyesafiri nje, lakini mambo yake maishani hayakumwendea vizuri na mara nyingi alikuwa na shida ya pesa. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Mtu mwenye akili ambaye mambo hayamwendei. Karibu Ishiara, mzee.

Akiwa na miaka 56 alipanda mlima Kurama, karibu na Kyoto, akafunga na kutafakari siku 21. Wanafunzi wake waliandika kwamba siku ya mwisho alihisi nguvu kubwa juu ya kichwa chake, na akajua anaweza kuponya. Akahamia Tokyo, na Aprili 1922 akafungua chama cha kufundisha na kutibu. Neno lenyewe ni mawili: rei, mambo ya roho, na ki, nguvu au pumzi ya uhai. Na hata hilo neno hakulibuni. Japani ya miaka hiyo ilikuwa imejaa waponyaji wa mikono na wa akili, wengine wakichukua mawazo kutoka vitabu vya Marekani, na mwenzao mmoja, Kawakami Mataji, alikuwa ameshachapisha kitabu chenye neno reiki kwenye jina lake mwaka 1919. Yaani Usui aliingia soko ambalo tayari lilikuwa na wauzaji. Ni kama mtu kufungua duka la M-Pesa leo Embu mjini.

Septemba 1923 tetemeko kubwa likapiga Tokyo na Yokohama, watu zaidi ya laki moja wakafa. Usui alizunguka akiwawekea mikono majeruhi. Hapo ndipo jina lake lilipokua. Na mimi sitamcheka kwa hilo hata kidogo. Mji umeungua, hospitali zimeanguka, mtu anapita anakushika bega anakaa na wewe. Kama angekuwa jirani yetu tungemheshimu.

Kwa hivyo hiyo ndiyo reiki. Mjapani mmoja, mlima mmoja, karne ya ishirini. Hakuna Tibet. Tibet iliongezwa na wauzaji wa huku magharibi miaka mingi baada ya mzee kuzikwa.

Sasa weka hiyo tarehe kando ya tarehe zetu. Machi 1922, wakati Usui anatoka mlimani kwenda Tokyo, hapa Nairobi Harry Thuku amekamatwa na tarehe 16 umati uliokuja kumdai umepigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Mwaka 1925 serikali ya mkoloni ikapitisha Sheria ya Uchawi. Kujifanya una nguvu za ajabu likawa kosa, na waganga wetu, wa kweli na wa uongo, wazuri na wabaya, wote wakatupwa kwa gunia moja. Na uhuru ulipokuja 1963 haikufutwa. Mwaka huohuo wa 1925, daktari wa jeshi la maji la Japani, Chujiro Hayashi, alikuwa anajiunga na Usui kujifunza kuponya kwa mikono. Kule daktari wa serikali anaenda kuomba kufundishwa. Huku mũgo anafichwa nyuma ya migomba.

Na sisi wa Mbeere tunajua vizuri hiyo sheria ilituachia nini. Mpaka leo ukisema Nairobi unatoka Mbeere, kuna mwerevu mmoja lazima aulize kama umekuja na mganga wako. Mimi nimeulizwa hosteli, nimeulizwa kwa matatu, nimeulizwa na dem niliyekuwa namtaka. Sasa huyohuyo dem anaweka picha ya mawe ya rangi na maneno ya chakra, ati anajitunza. Ya kwetu ni ushirikina. Ya Japani iliyopitia California ni kujitunza. Mtu aniambie tofauti ni gani mbali na muziki wa filimbi.

Lakini mfano unaonikula zaidi si mũgo, ni shosho mwenyewe.

Mwaka 1926, mwaka Usui anafariki, Agano Jipya la Kikuyu lilitoka, na watu wakaanza kujisomea bila mmishonari kuwashikia kidole. Mwaka huohuo, vile wenyewe wanavyosimulia, kijana mmoja anaitwa Joseph Ng'ang'a alijitenga na watu kuomba na kusoma. Si siku 21, ni miaka. Alipotoka, karibu 1930, yeye na wenzake walianza kuhubiri, kuona maono, na kuombea wagonjwa. Wengine waliwaita Arathi, manabii. Jomo Kenyatta aliwaandika kwenye Facing Mount Kenya mwaka 1938 kwa jina la Watu wa Mungu. Ndio Akurinu unaowaona sokoni na vilemba vyeupe, wale ambao mnawafanyia meme.

Angalia vile hadithi zinafanana. Mtu mwenye shida anajitenga, anafunga, anapata kitu, anarudi, anaponya. Miaka minne tu katikati. Tofauti ni mwisho. Usui alipata jiwe la kumbukumbu hekaluni. Februari 1934 polisi walimuua kwa risasi Joseph Ng'ang'a pamoja na Samuel Muinami na John Mung'ara katika msitu wa Ndarugu. Shosho anayajua hayo majina matatu. Mama yake alimfundisha. Mimi niliyefika chuo kikuu nilimjua Usui kabla ya kuwajua wao, na hata Usui mwenyewe nilikuwa nimeuziwa feki.

Hiyo feki ilitoka wapi? Hapa ndipo inakuwa tamu.

Kulikuwa na mama anaitwa Hawayo Takata, alizaliwa Hawaii mwaka 1900, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani. Mume akafa 1930, akabaki na watoto wawili, kazi ngumu, mwili ukaharibika. Mwaka 1935 akaenda Japani kutibiwa. Alikuwa apasuliwe, akabadilisha nia, akapelekwa kliniki ya yule Hayashi, na baada ya miezi ya kuwekewa mikono akasema amepona. Akajifunza, akarudi Hawaii 1937, na mwaka uliofuata Hayashi akampa ruhusa ya kuwa mwalimu mkuu. Bila huyu mama, leo hakuna mtu Kenya angekuwa amesikia neno reiki. Nampa maua yake.

Lakini fikiria yuko wapi. Desemba 1941 Japani inapiga Pearl Harbor, na Pearl Harbor iko hukohuko Hawaii. Mmarekani mwenye sura ya Kijapani sasa ni mshukiwa. Utawauziaje Wamarekani uponyaji wa Mjapani aliyekaa mlimani kwa Wabudha? Takata alisimulia hadithi nyingine: ati Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha kule Kyoto, wanafunzi wakamuuliza Yesu aliponyaje, akakosa jibu, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Chicago. Hadithi kali. Waliokuja baadaye kutafuta hawakupata jina la Usui Doshisha wala Chicago. Na lile jiwe la Tokyo, ambalo limemsifu mzee kwa kila kitu, halitaji Chicago wala halisemi alikuwa Mkristo.

Mimi simwiti Takata mwizi. Nadhani alikuwa mjane aliyejua soko lake na aliyeogopa, na ningekuwa yeye labda ningetunga pia. Ninachosema ni kwamba hadithi ilitungwa kwa mnunuzi. Mmarekani wa kanisani akapewa Yesu na Chicago. Hipi wa baadaye akapewa Tibet. Na sisi, vijana wa Afrika tuliochoka na kanisa lakini bado tunamwogopa Mungu, tumepewa vyote viwili kwa klipu moja, Yesu akiwa India na Tibet ikiwa nyuma. Yule mwenye taa poa hajui, lakini anaendeleza kazi ya mauzo ya miaka themanini.

Na bei? Takata, miaka yake ya mwisho, alikuwa anamtoza mtu dola 10,000 kuwa mwalimu mkuu. Hiyo leo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili za Kenya. Alifundisha walimu wakuu 22 kabla ya kufa Desemba 1980, na hao 22 ndio walioisambaza dunia nzima. Linganisha na Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, 2011. Wazazi wako wanaikumbuka hiyo foleni ya magari Samunge, Wakenya walivuka mpaka mpaka na wagonjwa waliotolewa wodini. Babu alikuwa anauza kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania, karibu thelathini za Kenya. Dunia nzima ilicheka, magazeti ya nje yakaandika Waafrika wameamini tena. Na kweli kuna watu waliacha ARV wakafa, sitetei kikombe. Lakini nilitaka tu mwone: kikombe cha thelathini bob ni ujinga wa kijijini, alama za hewani za milioni moja ni tiba mbadala.

Najua komenti inakuja. Lakini inafanya kazi, mimi nilihisi joto. Sawa. Mimi pia nilihisi joto, na nilikuwa Ishiara, kila kitu kina joto.

Sikia. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la msichana anaitwa Emily Rosa. Alilifanya akiwa na miaka tisa, project ya shule. Hakupima reiki yenyewe, alipima binamu yake wa Marekani, tiba ya mikono ambayo manesi wengi kule walikuwa wanafanya, wanaosema wanahisi nguvu ya mwili wa mtu bila kumgusa. Aliweka kadibodi katikati, mtaalamu anapitisha mikono yote miwili, Emily anaweka mkono wake juu ya mmoja. Swali moja tu: mkono wangu uko juu ya upi? Wataalamu 21. Walipata asilimia 44. Ukirusha shilingi hewani utapata karibu hamsini. Mtoto wa miaka tisa aliuliza swali ambalo mimi na watu wazima wote wa ile kozi hatukuuliza, na alitumia kadibodi.

Basi mbona nililala usiku ule? Kwa sababu miezi minne hakuna mtu alikuwa ameniambia nifumbe macho, nipumue, nitulie, kuna mtu ananiangalia. Sikuwa nimeguswa wala kuulizwa unajisikiaje. Hiyo ni dawa, na sitaki mtu aniambie si kitu. Shosho alikuwa ananifanyia hivyo nikiwa mtoto nikishikwa na malaria: mkono kichwani, anaomba kwa sauti ya chini mpaka nalala. Halafu asubuhi ananipeleka kwa zahanati kuchukua dawa. Hiyo sehemu ya pili ndiyo sikuiona kwenye kozi.

Na sasa ile sehemu sikutaka kuandika.

Shosho ana presha. Zamani Akurinu wengi hawakutumia dawa za hospitali kabisa, na yeye alikua hivyo. Kubadilika kulimchukua miaka. Alizika watoto wawili kwanza. Alipokubali vidonge, alikubali kweli, anavimeza saa moja asubuhi na chai kama ibada. Mimi nikaja na cheti. Nilikuwa namwekea mikono jioni, kichwani na mabegani, na alifurahi, si kwa sababu ya nguvu za ulimwengu, alifurahi mjukuu wake amerudi kuwa mtu. Akaniuliza siku moja, hii yako inatosha? Na mimi, wasee, nilimjibu vile mwalimu wangu alikuwa anajibu. Nilimwambia mwili unajua kujiponya ukipewa nafasi.

Sikumwambia aache vidonge. Hiyo ndiyo sentensi nimekuwa nikijiambia. Lakini aliacha. Wiki mbili, bila kuniambia, kwa sababu aliniamini. Nilimkuta saa tisa usiku chini karibu na mlango, mdomo umeenda upande. Tulimpeleka na boda, mimi nimemshikilia nyuma, kilemba kimeanguka barabarani na sikusimama kukiokota. Yuko hai. Mkono wa kushoto bado haushiki kikombe vizuri.

Unajua Mikao Usui alikufa na nini? Kiharusi. Tarehe 9 Machi 1926, mji wa Fukuyama, akiwa safarini kufundisha. Mwanzilishi mwenyewe, mwenye mikono ya kwanza. Hiyo haikuwa kwenye kozi yangu. Na hakuna klipu hata moja kati ya zile tatu imeitaja, ingawa ni kitu cha kupatikana kwa dakika mbili. Ungejua hivyo kabla ya kulipa, ungemjibu shosho wako vingine. Mimi ningemjibu vingine.

Kwa hivyo nikisema asili ya kitu ni muhimu, sio ati napenda historia. Mtu akijua reiki ilianzishwa na binadamu wa juzi, aliyekuwa na shida kama zake, akauguza watu kwa upole na bado mshipa ukapasuka, ataitumia vile mtu hutumia kushikwa mkono. Akidhani ni siri ya miaka elfu tatu, ataweka vidonge kwa droo.

Wachungaji, nanyi msinishangilie mapema. Nimeona mnasema reiki ni mapepo. Hata maaskofu Wakatoliki wa Marekani waliipiga marufuku kwenye taasisi zao mwaka 2009, na wao angalau waliandika sababu za kufikiriwa: si sayansi, na si imani yao. Ninyi mnapiga kelele pepo, halafu Jumapili mnauza mafuta na leso kwa wagonjwa walewale. Wewe unayeuza chupa ya mafuta kwa elfu mbili huna mdomo wa kumcheka wa 6,500. Ukisema ni pepo umekwepa swali la shosho kama vile mwenye Tibet alivyolikwepa. Aliitwa nani, alianza lini, na nani analipwa?

Na ninyi wenzangu mnaouza kozi. Sijasema muache kushika watu mikono. Semeni 1922. Semeni Usui, semeni Takata, semeni kiharusi. Andikeni chini ya tangazo kwamba mtu asiache dawa, kwa herufi kubwa kama zile mnazoandikia bei. Kama wateja watabaki, vizuri, mmewauzia kitu cha kweli.

Mwalimu wangu nilimwandikia wiki iliyopita. Sikumtukana. Nilimwambia yaliyompata shosho, na nikamuuliza kitu kimoja tu, kama alijua Usui alikufa vipi. Tiki zimekuwa bluu tangu Jumanne. Jana ameposti kozi ya ngazi ya pili, 12,000, na kwa maelezo bado imeandikwa Tibet.

Shosho ananiuliza kama amejibu. Sasa hivi yuko nje chini ya mwembe, anafanya mazoezi ya vidole na ndengu, moja moja, kutoka ungo huu kwenda ungo ule.